Mkwe Nyuma ya Pazia

Hospitali yetu ilikuwa na nusu mbili, na mgeni aliiona moja tu. Nusu aliyoiona ilikuwa sisi: daktari, wauguzi, chumba cha upasuaji, dirisha la dawa, na jenereta iliyopenda kuzima pale tulipoihitaji zaidi. Nusu ya pili ilikaa nyuma ya wodi, kwenye banda la bati lililoshika masizi ya miaka mingi. Humo walikaa ndugu wa wagonjwa. Walisonga ugali wa muhogo, walipika dagaa kwa mawese, walifua mashuka, waligombania mafiga, na giza likiingia walitandika mikeka palepale. Mgonjwa akihitaji kugeuzwa, ndugu alimgeuza. Akihitaji damu, ndugu ndiye aliyekunja mkono wa shati. Na akihitaji kupasuliwa, daktari hakumuuliza yeye peke yake. Aliuliza, "Mkubwa wenu yuko wapi?"

Utaratibu huo haukuandikwa popote, lakini ndivyo tulivyofanya kazi. Mtu wa kwetu, awe Muha wa huko juu Kasulu au Mmanyema wa Ujiji, hatoi ruhusa juu ya mwili wake akiwa amelala chali na homa inampanda. Anasema subirini kaka aje, au subirini mjomba. Mjomba akifika anaketi, anaamkiwa, anaelezwa, anauliza maswali ambayo mengine hayana kichwa wala miguu, kisha anasema haya, endeleeni. Hapo mgonjwa analegeza mabega. Wageni waliopita kutusaidia waliona tunapoteza muda. Mimi niliona tofauti, maana mgonjwa aliyesemewa na mkubwa wake alikuwa akienda chumba cha upasuaji ametulia, na aliyekwenda bila ya hilo alitetemeka mpaka meza ikatetemeka naye.

Nilikuwa muuguzi msimamizi wa wodi ya wanaume ya upasuaji. Mimi ni mwepesi wa hasira, na nasema mapema ili mtu asije akashangaa huko mbele. Wagonjwa waliniogopa kidogo na kunipenda kidogo, na nilitosheka na mgawanyo huo. Nyumbani kwangu kulikuwa Mwanga, karibu na soko, na kila asubuhi nilifika kazini nimeshagombana na mtu juu ya bei ya nyanya. Hospitali ilikuwa ya misheni. Haikutafuta faida, na mkoa mzima uliijua kwa jambo moja: haikumrudisha mtu mlangoni.

Halafu ikaja miaka ya wakimbizi. Warundi tulikuwa tumeshawazoea, na lugha yao na Kiha chetu vinaelewana bila mkalimani. Lakini Kongo ilipoanza kuwaka, midomoni mwetu ikiwa bado ni Zaire, ziwa lilituletea watu kwa wingi ambao hatukuwa tumeuona. Maboti yaliwashusha Kibirizi na penginepo ufukweni, wakiwa wamelowa, wengine wakiwa wamebeba vitu vya ajabu ambavyo mtu huchukua anapokimbia: saa ya ukutani, mtungi mtupu, mguu wa cherehani. Wazima walipelekwa kambini kwa malori. Wasiojiweza waliletwa kwetu, na wodi yangu ikajaa mpaka sakafuni katikati ya vitanda.

Wingi wao haukunishinda. Kilichonivuruga ni kwamba walikuja bila ile nusu ya pili. Banda la nyuma lilitoa moshi uleule, lakini wao hawakuwa na mtu ndani yake. Hapakuwa na wa kuwageuza, wa kuwafulia, wa kuwasongea ugali. Daktari aliuliza kama alivyozoea, "Mkubwa wenu yuko wapi?" na mgonjwa alimtazama tu. Akina mama waliokuja kuuguza watu wao walianza kupika sufuria kubwa kidogo kuliko mahitaji yao, na hakuna aliyewaambia wafanye hivyo. Kwa chakula tuliweza kujikongoja. Kwa yale mengine tulikuwa tunapapasa.

Mtu ninayetaka kumweleza alikuwa seremala wa upande wa Fizi, ng'ambo ya ziwa, Mbembe kwa kabila, mtu wa makamo mwenye mikono mikubwa. Risasi ilikuwa imempita mguuni chini ya goti, naye akautembelea mguu huo milimani mpaka ziwani. Alipofika kwetu harufu ilimtangulia. Daktari aliufungua, akautazama, akaufunga tena taratibu, na mimi nilijua kabla hajasema. Nyama ilikuwa imekufa na ule uozo ulikuwa unapanda. Mguu ukikatwa juu ya goti bila kuchelewa, mtu angeishi. Ukiachwa, hakuna dawa katika dirisha letu ambayo ingemvusha.

Daktari wetu, kijana mpole wa kutoka Moshi, alimweleza yote hayo kwa Kiswahili cha darasani. Seremala alisikiliza mpaka mwisho.

"Dokta, miye nilikuja kutafuta dawa," akasema. "Sikuja kuacha kitu."

"Bila kukata utakufa."

"Hakuna mutu wangu hapa wa kunisemea. Muniache."

Akageukia ukuta. Kesho yake ikawa vilevile, homa ikiwa imepanda zaidi. Nilimgombeza. Nilimwambia mguu huo hata tukiuacha tutauzika tu wiki ijayo, na mwenyewe akiwa ameshikamana nao. Nilimwambia kitanda hicho kina watu wanaokisubiri. Wagonjwa wenzake wakaniambia kwa macho kwamba nimezidi, na mimi nikawaambia kwa macho kwamba hainihusu. Yeye alisema tu, "Sema, mama. Sema tu," kama mtu anayeiruhusu mvua inyeshe.

Niliumia zaidi ya nilivyoonyesha. Nimeona watu wengi wakifa, na wengi wao hatukuwa na la kufanya. Huyu tulikuwa na la kufanya, kisu kipo, dawa ya usingizi ipo, daktari yupo, na mtu anatuteleza mikononi kwa sababu ya neno moja la kukosa ndugu. Nilimwambia daktari amlaze kwa dawa na amkate, atakuja kutushukuru. Daktari akakataa. "Simkati mtu anayesema hapana," akasema. "Atafutiwe mtu wa kwao."

Wazo hilo halikuwa gumu kwa mji kama wetu. Ujiji imejaa watu ambao babu zao walivuka kutoka ng'ambo, na ukigonga milango michache tu utampata Mbembe, Mgoma, Mholoholo, yeyote unayemtaka. Dereva wa gari la hospitali alizaliwa Buzebazeba, hukohuko Ujiji, na hakuna siku aliyoacha kutukumbusha kwamba hakuna mlango wa Ujiji asioujua. Nikamwambia aende akaonyeshe.

Alirudi kabla ya adhuhuri, amevimba kwa fahari, na nyuma yake alikuwapo bibi mmoja wa mtaa wa Kasingirima. Alikuwa mwembamba, amenyooka, kajifunga khanga moja na kujitanda nyingine, tasbihi mkononi. Babaye alikuwa Mbembe wa ukweli, aliyevuka naye akiwa mtoto wa mgongoni. Alikuwa mjane, na alijulikana mtaani kwao kwa ubishi na kwa mawese safi. Nikamwamkia, nikamshukuru, nikampeleka mpaka kitandani. Nilimweleza njiani kinachotakiwa: azungumze na mtu wake kama dada mkubwa au shangazi, amkubalishe, basi.

Seremala alipoisikia lugha ya kwao alifumbua macho, na uso wake ukafunguka kwa mara ya kwanza tangu aletwe. Wakaanza, lugha ya kwao ikichanganyika na Kiswahili, kama wanavyoanza watu wa kule, kwa kuulizana. Kijiji gani, mlima gani, wa nani. Dereva alisimama mlangoni akinitazama kwa jicho la kusubiri pongezi. Bibi akamuuliza ukoo wake, akaambiwa, akatikisa kichwa kwa kuridhika, anaufahamu. Kisha akauliza mama watoto ni wa ukoo gani.

Seremala akautaja. Bibi akavuta khanga yake usoni, akageuka, akatoka wodini kwa haraka ambayo sikuitegemea kwa umri wake. Na nilipogeuka kumtazama mgonjwa, hakuonekana. Alikuwa amejifunika shuka gubigubi, kichwa na vyote, na chini ya shuka alikuwa anaomba radhi.

Mtu hakuhitaji kuwa Mbembe kuelewa. Ukoo wa mke wa seremala ulikuwa ndio ukoo wa bibi. Mabinti wote wa ukoo huo walio wa rika la mke wake ni wanawe bibi, na kwa hiyo tulikuwa tumemletea mtu mgonjwa, aliye nusu uchi, anayenuka, mama mkwe wake. Tulikuwa tumemuuliza bibi kabila, kijiji na dini yake. Watu tuliozaliwa Kigoma, kila mmoja wetu ana mkwe anayemkwepa njiani, na hakuna aliyekumbuka kuuliza hilo.

Wodi ilicheka. Walicheka walioshonwa tumboni na waliofungwa vyuma, wakishikilia mishono yao. Mimi sikucheka. Nilimfuata dereva mlangoni.

"Sista, uliniambia nilete Mbembe," akajitetea kabla sijafungua mdomo. "Huyo Mbembe. Hukuniambia nikapite Kasingirima nikiuliza nani kaolewa wapi."

"Mrudishe kwake ukalete mwingine."

"Mwingine yupi? Nimepita nyumba nyingi, wengine wako shamba, na wengine wameniuliza kama ni mkimbizi wakafunga mlango."

Bibi alikuwa ameketi kwenye benchi la nje, amefunua uso sasa, anapumua. Nilimwomba samahani kwa usumbufu na kumwambia gari litamrudisha. Akanitazama kama anayetazama mtoto aliyemwaga maziwa.

"Nirudi wapi?" akasema. "Mkwe wangu yuko ndani anaumwa, mimi nirudi nyumbani nikalale? Una pazia hapa?"

Tulikuwa nalo, fremu ya chuma yenye magurudumu na kitambaa cha kijani, la kuwasitiri wagonjwa wakati wa kuwasafisha. Nikalisukuma mpaka ubavuni mwa kitanda. Bibi akaletewa kiti, akakaa upande wa pili, akalipa pazia mgongo. Seremala akabaki ndani ya shuka lake. Kati yao nikasimamishwa mimi, kwa sababu mkwe na mkwe hawasemezani moja kwa moja na lazima awepo mtu wa katikati.

"Sista, mwambie mkwe wangu namsalimu."

Seremala alikuwa karibu kiasi cha kuguswa kwa mkono, na masikio yake yalikuwa mazima. "Bibi anakusalimu," nikasema.

"Mwambie mama nimepokea," shuka likajibu.

"Amesikia, bibi, na wewe umesikia."

"Nimesikia. Lakini sema."

"Amepokea," nikasema, na hasira zangu nikazimeza na mate. Wodi nzima ilikuwa inasikiliza na hakuna aliyejifanya hasikilizi. Tukaenda hivyo kwa muda mrefu, wao wakisema na mimi nikirudia, kuhusu homa, kuhusu chakula, kuhusu safari. Kila nilipotaka kuruka neno, bibi aligonga kiti kwa tasbihi. Nilikuwa na vidonda vya kusafisha na sindano za kuchoma. Lakini niliona jambo: mtu ambaye kwa siku zile zote alitujibu kwa sentensi mojamoja sasa alikuwa anaongea. Shuka lilikuwa linapanda na kushuka, na maneno yanatoka.

"Muulize mkwe wangu," bibi akasema hatimaye, "kwa nini anawakatalia watu hawa mguu."

Nikauliza. Shuka likatulia.

"Mwambie mama, muguu huu ni wa kurudia," akasema. "Tulipoteana na mama ya watoto kule juu, risasi zikilia. Yeye alishika watoto, miye nilibaki nyuma na mizigo. Hawajui kama niko. Kama munakata, nani atarudi kuwafuata? Mutu wa muguu moja atapanda milima gani?"

Hakuwa ametuambia. Tulimuuliza anaumwa wapi na tangu lini, tukamuuliza kama ana ndugu hapa, naye alijibu sawasawa na swali. Niliyarudia maneno yake yote kwa bibi.

Bibi alihesabu punje kadhaa za tasbihi. Kisha akaniambia nimuulize binti yake anaitwa nani. Seremala akalitaja jina la mkewe kwa sauti ya chini kabisa, maana si heshima kulitamka mbele ya mkwe. Akaulizwa watoto. Wawili, wa kike mkubwa, wa kiume mdogo. Akayataja majina yao.

"Sasa mwambie hivi, sista, na usipunguze," bibi akasema. "Huyo aliyepotea ni binti yangu. Kumtafuta ni kazi yangu kabla haijawa yake. Miguu yangu bado ninayo, na Kibirizi si mbali. Nitakwenda mimi. Yeye namwomba kitu kimoja tu. Namwomba huo mguu."

Kwao, na kwetu Waha vilevile, mama mkwe haombi ovyo. Akiomba ujue ameishiwa na njia nyingine zote, na mwanamume anayemkatalia hana tena pa kuweka uso. Mimi mwenyewe sikurudia maneno yale. Nilisimama tu, na safari hii bibi hakugonga kiti.

Seremala alilia chini ya shuka, kilio cha mtu mzima kisichokuwa na sauti. Tulimwacha alie. Alipomaliza akasema, "Mwambie mama achukue."

Daktari alipofika na kumkuta mgonjwa anaomba wino wa kuweka dole gumba, alinivuta pembeni akataka kujua nimemwambia nini. Nikamjibu kwamba sijamwambia kitu, nilikuwa narudia tu. Alimpasua alasiri ileile, jenereta ikatuhurumia, na jua lilipotua juu ya ziwa mtu wetu alikuwa amerudi kitandani, mwepesi zaidi, anapumua vizuri.

Nilidhani yameishia hapo. Kesho yake asubuhi bibi alikuwa mlangoni pangu na wapwa zake wawili na kipande cha sanda. Alikuja kuchukua mguu. Nikamwambia hospitali ina shimo lake kwa mambo kama hayo. "Huo si wenu," akasema. "Niliuomba mimi, nikapewa mimi." Daktari akasema apewe. Dereva aliubeba kwenye gari mpaka Ujiji kwa mwendo wa msiba, hakupiga honi hata kwa mbuzi, na ulizikwa kwenye kiwanja cha watu wa kwao kwa heshima ambayo watu wengi waliokufa mwaka ule hawakuipata.

Kuanzia hapo seremala akawa na ile nusu ya pili. Bibi alileta ugali wa muhogo na samaki wa ziwani, migebuka iliyoungwa kwa mawese, akamfulia uchafu wake wote bila kumtazama hata mara moja. Aliyelala karibu na dirisha alipoiona khanga yake ikipanda kilima cha hospitali alisema, "Mkwe huyo," na seremala alijifunika. Mimi nilisukuma pazia. Hata daktari, ambaye hakuwa na mila hiyo kwao, alijifunza kukohoa kabla ya kulizunguka. Wodi ililifanya utani, lakini utani wa adabu. Siku mgonjwa mmoja mpya, kijana wa mjini, aliposema haya ni mambo ya kizamani, mzee wa kitanda cha pili alimwambia, "Wewe umelala hapa na hakuna hata mtu mmoja aliyekuja kukuuliza hali, basi nyamaza."

Na bibi alikwenda Kibirizi. Nilijua kwa sababu siku moja ya mapumziko nilikuwa huko kununua dagaa, na nikaisikia sauti yake kabla sijamwona. Boti ilikuwa imefika, watu wanashuka kwenye maji ya magotini, watoto wakipokewa kama mizigo. Bibi alikuwa amesimama kwenye mchanga uliolowa, khanga kaikunja mpaka kwenye mashavu ya miguu, anaita jina la ukoo na la kijiji. Aliwasimamisha wanawake akawatazama usoni. Askari mmoja akamwambia asogee, mzee, usizuie njia. "Namtafuta mwanangu," bibi akamjibu, na askari akampisha, akamwambia Mungu atasaidia.

Tulirudi pamoja mpaka njia ya Mwanga. Nikamuuliza, kwa kuwa mimi siwezi kukaa na swali, kwamba anatafuta mtu ambaye hajawahi kumwona hata kwa picha, na akimwona atamjuaje.

"Nilizaa wavulana watupu," akasema. "Huyu ndiye binti aliyenifikia. Nikimwona nitamgombeza kwanza, maana amechelewa."

Nilifika nyumbani nikachambua dagaa, na mawazo yangu yakabaki Kibirizi. Nilikuwa nimelichukulia lile la pazia kuwa ni ujanja mzuri wa kumwokoa mtu, na kwamba mguu ukishatoka ujanja umetimiza kazi yake. Kwa bibi haukuwa ujanja. Alikuwa ameuliza ukoo, akajibiwa, na kuanzia hapo alikuwa mama wa mtu. Nimesoma vitabu vya uuguzi na nimefundisha wanafunzi, na bado sijui hilo unalifundishaje.

Kidonda kilifunga vizuri. Seremala alianza kusimama kwa magongo aliyoyachonga mwenyewe, akiwa ameketi kitandani na tezo ya kuazima, takataka za mbao zikijaa shukani mpaka nikamfokea. Lori la kambini lilikuwa linakuja kuchukua waliopona. Kila lilipokuja niliwaambia kidonda chake bado kibichi. Waliniamini, au walijifanya.

Halafu bibi akaacha kuja. Chakula kilifika, lakini kililetwa na jirani yake, mwanamke wa maneno machache, ambaye nilipomuuliza alijibu kwamba bibi ana wageni. Siku zikapita hivyo. Seremala hakuuliza kwa mdomo, ila kila mlango ulipolia aliinua kichwa. Mimi nilikasirika, kama kawaida yangu. Nilijiambia kwamba bibi amechoka, na nani angemlaumu, mtu wa umri ule kupanda na kushuka kilima kwa ajili ya mgeni.

Alirudi asubuhi moja baada ya daktari kumaliza kupita vitandani. Wa dirishani akamwona, akasema, "Mkwe huyo," na seremala akajifunika haraka, nikaona shuka lenyewe linavyofurahi. Nikaenda kuvuta pazia.

Bibi akanishika mkono. "Liache, sista."

Akapita mbele yangu akaenda mpaka kitandani. Akaketi ukingoni. Akashika shuka kwa vidole viwili, akalishusha taratibu mpaka uso wa seremala ukawa wazi, na akamtazama.

"Mwanangu," akasema.

Hakuwa amewahi kumwita hivyo. Heshima yote ile ya pazia ilikuwa ya binti aliyekuwa katikati yao, na bibi alikuwa ameiweka chini. Hakuna mwanamume wodini aliyehitaji kufafanuliwa. Seremala alimtazama bibi, uso ambao alikuwa ameuona siku ya kwanza tu kwa dakika chache, na niliona kwamba ameelewa kabla ya neno la pili.

"Mama yao hakufika ziwani," bibi akasema. "Ni homa, kule milimani. Walikuwa na watu wa njiani, wakamzika. Wamenieleza walivyomzika, na mimi nitakueleza yote, si leo."

"Watoto?"

"Wako nje kwenye benchi. Wako kwangu siku hizi zote. Sikutaka uwaone walivyokuwa. Nimewatoa funza kwanza, nimewalisha. Sijawaambia wanakuja kumwona nani."

Akaomba kukalishwa. Nilimwinua kwa makwapa, nikaweka mto nyuma yake, mto ukateleza, nikautukana mto, nikauweka tena. Sipendi kulia mbele ya wagonjwa na siku ile sikuwa na namna. Bibi akaenda mlangoni akawaita.

Waliingia wameshikana mikono, vichwa vimenyolewa, gauni na kaptula vilivyoshonwa kwa khanga moja. Msichana alikuwa mbele. Bibi alikuwa amemfundisha adabu za Ujiji katika siku zile chache, naye alikuwa anazifuata kwa uangalifu wa mtoto ambaye hataki kufukuzwa tena mahali. Aliniamkia mimi. Kisha akaanza kupita kitanda kwa kitanda, anapiga goti kidogo, "Shikamoo," na mzee akaitikia. "Shikamoo," na wa pili akaitikia. Alipofika kwenye kitanda cha baba yake aliona mtu mwembamba mwenye ndevu na mguu mmoja, akampigia goti kama wengine. "Shikamoo," akasema, na akaanza kuondoka.

Seremala hakuitikia marahaba. Kule kwao baba aliyempa binti yake jina la mama aliyemzaa yeye baba humwita mama, maisha yake yote.

"Jambo, mama," akasema.

Mtoto akasimama, mgongo umetuelekea, mkono wa nduguye bado umo mkononi mwake. Mdogo wake ndiye aliyegeuka kwanza.